Kushoto Tena

Kila Alhamisi Verlyn Osterhaus alikama mapema.
Ng'ombe walijua. Mnyama hana kalenda,
lakini waliisoma haraka ile vidoleni.
Kufikia saa kumi na moja jioni trela limefungwa,
juu yake namba hamsini na nane, rangi ya haradali,
ubavuni jina la muuza mbegu za mahindi,
na chini, kwa herufi ndogo, kinyozi wa mjini
aliyechangia dola arobaini na kunyoa bure.

Mimi shemeji. Kazi yangu magurudumu:
kupima, kusugua, kubonyeza kwa dole gumba,
kuhakikisha ya kulia yanayazidi ya kushoto,
maana gari la uwanjani huundwa na kilema makusudi.
Ukiliachia usukani hujikatia kushoto
kama mtu aliyekumbuka kwao.

Uwanja wenyewe, nje kidogo ya Pickerel Bend, Wisconsin:
robo maili ya lami yenye nyufa,
taa nane, mbu wasiohesabika, moshi wa soseji,
na Bi Leota Frisch kwenye kipaza sauti
akilitaja kila jina kana kwamba amelizaa.

Mwaka wa kwanza alimaliza wa mwisho mara tisa.
Mara ya kumi hakumaliza.
Mwaka wa nne akashinda: dola mia mbili na ishirini
na kikombe ambacho dada yangu Arlette alipandia kitunguu.
Kisha ushindi ukaanza kuja kama wageni wa arusi,
mmoja, wawili, halafu huna pa kuwakalisha.
Mara sitini na moja. Nilizichora kwa chaki
ukutani mwa zizi, juu ya ndoo.

Corwin Plath alimgonga kona ya tatu, kusudi,
mbavu mbili zikaenda.
Jumatatu yake akaleta injini ya kuazima,
mkewe akaleta pai ya tufaha.
Sijui niuite uadui ule au ujirani.

Halafu simu ikapigwa kutoka kusini.
Wenye malori yang'aayo walitaka kumwona,
gari lao, siku moja tu.
Tuliendesha usiku kucha na nusu ya mchana.
Uwanja ule ulisimama kingo zake kama ukuta wa bwawa,
na nafasi zilikuwa arobaini.
Akawa wa arobaini na moja,
kwa muda ambao jicho halijamaliza kupepesa.
Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililouma.
Wakampa kofia na sandwichi.
Njiani hakutoa neno mpaka tulipoingia Illinois,
akauliza: "Leo ng'ombe nani kawakama?"

Alikuwa na miaka thelathini na minane.
Akaendelea mingine kumi na mitatu
pale pale, pia juu ya kiganja kimoja.

Watu husema hakufika mbali.
Niliwahi kupiga hesabu, kwa penseli, nyuma ya bahasha,
mizunguko yote, robo maili kwa robo maili:
maili elfu saba. Robo ya dunia na ushei,
na karibu kila usiku alilala kitandani pake.

Usiku wa mwisho alimaliza wa saba.
Hakutangaza. Alivua glavu,
akazipachika kwenye kioo cha pembeni,
akaniuliza kama soseji zimebaki.

Majira ya kuchipua, binti ya Corwin alikuja na fedha taslimu.
Ana miaka kumi na saba, na hapunguzi mwendo konani.
Tulilisukuma gari kutoka ghalani, injini imezimwa,
mteremko ukalipokea, na sote tukasahau
kwamba hakuna aliyeshika usukani.
Likapita kisima, likapita banda la kuku,
kisha taratibu, bila kuambiwa,
likakata kushoto, kuelekea zizi.
Nikaanza kukimbia.
"Liache," Verlyn akasema. "Liache kwanza."